Mlango Wazi, Historia Imefungwa

Makumbusho ya Jeshi la Roma huko Caerleon, Wales, hayatozi kiingilio, na mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kubebwa. Hiyo ni haki yake, wala si hisani. Lakini akishaingia, aonyeshwe nini? Panga, ngao na kofia za chuma pekee? Jeshi hilo lilijenga hospitali ndani ya ngome zake, na lilikuwa na utaratibu rasmi, kwa Kilatini missio causaria, wa kumwondoa jeshini askari aliyelemazwa na vita au maradhi. Watu wenye ulemavu wamo basi katika historia hiyo. Makumbusho yoyote yanayowaondolea ngazi mlangoni, kisha yakawafuta katika simulizi, yamewakaribisha kutazama wenzao wakisahauliwa.