Nambari mbili iliyomwelemea Thabeet, na wanachofaa kuuliza wazazi wa Junda

Katika wadi ya Junda, eneobunge la Kisauni, kandanda ndiyo inayotawala. Lakini akitokea mvulana anayelazimika kuinama kila apitapo mlangoni, hakosi mtu wa kumwambia mzazi wake kwamba mtoto huyo ni mali, apelekwe akacheze mpira wa vikapu Marekani. Na jina linalotajwa katika mazungumzo ya aina hiyo ni la Hasheem Thabeet. Wapo wanaolitaja kama ushahidi kwamba kijana wa pwani hii ya Afrika Mashariki anaweza kufika NBA. Wapo pia wanaolitaja kwa dhihaka, kama kielelezo cha mtu aliyepewa kila kitu akashindwa. Pande zote mbili hazimtendei haki, na dhihaka ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu inamtwika mchezaji mzigo wa ahadi ambayo hakuitoa yeye.

Ukweli wenyewe ni huu. Mnamo Juni 25, 2009, jijini New York, klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, kuwa mchezaji wa pili katika uteuzi wa chipukizi wa NBA. Aliyemtangulia ni Blake Griffin peke yake. Hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza katika ligi hiyo kabla yake. Waliofuata nyuma yake usiku huo ni pamoja na James Harden aliyechukuliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba na DeMar DeRozan wa tisa.

Orodha hiyo ndiyo iliyomhukumu. Kila Curry alipotwaa ubingwa, kila Harden alipofunga pointi 50, palipatikana mtu wa kukumbusha ulimwengu kwamba Memphis ilikuwa na nafasi ya kuwachukua ikamchukua Mtanzania. Naye Thabeet alicheza misimu mitano, akapitia Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City. Katika mechi 224 alikuwa na wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Kabla ya msimu wake wa kwanza kumalizika, Februari 2010, Memphis ilimteremsha hadi Dakota Wizards katika ligi ndogo ya NBA. Wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kuteremshwa huko.

Je, ni kwa nini wataalamu wenye mishahara minono walikosea kwa umbali huo? Jawabu rahisi ni kwamba walinunua urefu, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini hawakununua urefu mtupu. Katika msimu wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa katika kila mechi. Alitajwa mlinzi bora wa kongamano la Big East mwaka 2008 na tena 2009, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa. Aliyeyaona hayo na kumsifu hakuwa mjinga.

Kilichopotea njiani ni jambo ambalo watazamaji wengi huku kwetu hawalijui, nalo ni tofauti ya sheria. Katika mchezo wa vyuo, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote apendao, akiwangoja wanaojaribu kupenya. NBA ina kanuni, tangu mwaka 2001, inayomkataza mlinzi kukaa eneo hilo zaidi ya sekunde tatu ikiwa hakuna mpinzani anayemkaba kwa karibu. Mnara uliokuwa ngome ya Connecticut ulitakiwa kuanza kutembea, kutoka nje kumfuata mshambulizi, kisha kurejea kabla kikapu hakijafikiwa. Hilo ni suala la miguu na mazoea ya miaka mingi.

Miaka hiyo Thabeet hakuwa nayo. Alianza kucheza mpira wa vikapu akiwa na umri wa takriban miaka 15, wakati ambapo vijana wa Marekani wa kiwango chake huwa tayari wamekaa chini ya makocha kwa nusu ya maisha yao. Alisoma kwa muda nchini Kenya, kisha akavuka bahari na kuhamahama katika shule za California, Mississippi na Texas kabla ya kumaliza masomo ya sekondari Houston na kuingia chuoni mwaka 2006. Mtu aweza kuhesabu mwenyewe: kutoka siku ya kwanza uwanjani hadi siku ya kutajwa wa pili duniani ni kama miaka saba hivi.

Dalili zilikuwepo. Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut ikiwa nambari moja nchini humo, alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Blair alikuwa mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, lakini mzito na mjuzi wa kutumia kiwiliwili. Alipata pointi 22 na ribaundi 23, na katika kinyang'anyiro kimoja cha mpira alimpindua Thabeet begani hadi sakafuni. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East. Usiku wa uteuzi, mmoja alichukuliwa wa pili, mwingine wa 37, kwa kuwa madaktari hawakuyapenda magoti yake. Blair alicheza NBA hadi 2016, muda mrefu kuliko mwenzake, na hakuna anayemwita aliyefeli. Aliyefeli, kwa lugha ya mchezo huu, ni yule aliyeuzwa ghali.

Mahali alipopelekwa Thabeet nako hakukumsaidia. Memphis tayari ilikuwa na senta kijana, Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alitawazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Klabu ilihitaji ushindi, wala haikuwa na subira ya kumfundisha mtu akicheza. Februari 2011 ilimpeleka Houston katika mabadilishano yaliyomrejesha Shane Battier, mkongwe aliyekomaa. Ikumbukwe kwamba mkataba wa anayechaguliwa katika raundi ya kwanza huwa na miaka miwili tu ya uhakika. Inayofuata huamuliwa na klabu.

Wamarekani wenyewe wana makaburi mengi ya aina hii, na si haki kudhani ni ugonjwa wa wageni. Mwaka 2001, Washington Wizards, ambako Michael Jordan alikuwa na kauli ya mwisho, iliteua kijana aliyetoka moja kwa moja sekondari, Kwame Brown, kuwa wa kwanza kabisa. Alidumu misimu 12 huku akizomewa mingi kati yake. Lenny Cooke wa New York alihesabiwa miongoni mwa vijana bora wa rika lake, akitajwa pamoja na LeBron James. Mwaka 2002 alijiandikisha kwa uteuzi bila kupitia chuo, na hakuna klabu iliyotaja jina lake.

Kuna mfano ulio karibu nasi kwa lugha, nao ni Bismack Biyombo wa Lubumbashi. Kocha Mreno Mário Palma alimwona nchini Yemen akiwa na miaka 16, akaenda kucheza Uhispania pamoja na watu wazima, na mwaka 2011 akateuliwa wa saba. Hajawahi kuwa mfungaji. Lakini alipofika NBA alikuwa amekwisha kusukumwa na wanaume wanaokula kwa kazi hiyo, na hakuna aliyemtarajia awe nguzo ya klabu. Katika mechi moja ya mchujo ya 2016 aliipatia Toronto ribaundi 26, na kiangazi hicho Orlando ikampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Ukilinganisha kipaji, sidhani kama pengo kati yake na Thabeet ni kubwa. Pengo liko katika matayarisho, na katika nambari waliyobandikwa.

Ndiyo maana mzazi wa Junda anayejiwa na mtu wa sifa nyingi asiulize mtoto wake anaweza kuchaguliwa wa ngapi. Aulize ni nani atamfundisha kutumia miguu, kwa saa ngapi kwa wiki. Aulize shule ni ipi, inafundisha nini, na masomo yake yanatambuliwa na vyuo vya Marekani au la, kwa maana kijana asiyetimiza masharti ya masomo hachezi huko hata akiwa na futi nane. Aulize tiketi ya kurudi inalipwa na nani goti likivunjika. Mshauri anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Wala njia si moja. Ng'ambo ya daraja la Nyali kuna klabu ya Halmashauri ya Bandari, KPA, yenye timu za wanaume na wanawake zinazoshindania ubingwa wa nchi. Tylor Ongwae hakuwahi kuteuliwa NBA. Alisomea Louisiana, akacheza Denmark. Februari 2021 mjini Yaoundé ni yeye aliyetumbukiza mtupo wa sekunde ya mwisho, Kenya ikailaza Angola 74-73 na kurudi katika fainali za bara kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Mwaka huohuo wa 2021 Thabeet alitimiza miaka 34. Alikuwa Taiwan, baada ya kupitia Japani, na bado alikuwa analipwa kwa kuzuia mitupo.