Kisu chenye ncha kinakula pesa ya ngozi yako

Ndugu mfugaji, na wewe mnunuzi wa ngozi unayezunguka minadani, leo sitawabembeleza. Kila tukizungumzia bei ndogo ya ngozi tunakimbilia kulaumu viwanda, madalali na Serikali. Sawa, wana makosa yao. Lakini chukua ngozi ya mbuzi kwenye karo la kijijini kwako, iinue juani uitazame. Mara nyingi utaona mwanga unapita. Matobo hayo hakuyatoboa mwenye kiwanda. Yametobolewa na kisu chenye ncha, mkononi mwa kijana mwenye haraka, na wewe umesimama pembeni ukisubiri maini.

"Kisu ni kisu," ndivyo ninavyojibiwa kila ninapolisema hili. Hapana. Kisu cha kuchinjia ni kirefu na kimenyooka kwa sababu kazi yake ni koo. Kisu cha jikoni ni chembamba, kinayumba, na ncha yake ni kama sindano. Kisu cha kuchunia ni kifupi, bapa la inchi tano au sita, makali yamepinda kuelekea juu na ncha imeviringwa. Mpindo huo ndio unaofanya kazi: makali yanateleza kati ya ngozi na nyama, na hata mkono ukikosea hakuna ncha ya kuchoma.

Ncha kali ina kazi moja tu, mkato wa kwanza wa kufungua ngozi kutoka kidevuni, katikati ya kifua na tumbo, hadi mkiani. Hapo ingiza ncha chini ya ngozi, makali yatazame juu, ukate kutoka ndani kwenda nje. Nyama haikatwi wala manyoya hayaangukii juu yake. Ukimaliza, weka kisu hicho chini, shika cha kuchunia. Kwa hiyo ni visu viwili, si kimoja. Na kwa mbuzi na kondoo, ukishafungua tumia ngumi. Ngozi yao inaachia vizuri mwili ukiwa bado na joto. Sijui anayechuna mbuzi kwa kisu mpaka mgongoni huwa anajivunia nini.

Usidanganywe pia na kumeta. Vile visu vinavyong'aa vya bei ya chee sokoni, vingi chuma chake ni laini. Unanoa asubuhi, ng'ombe wa pili kimekufa makali. Fundi vyuma mzuri anaweza kukufulia kisu cha springi ya gari kikadumu miaka. Kitashika kutu usipokifuta na kukipaka mafuta, lakini kutu inazuilika kuliko chuma kibovu. Hakikisha chuma kimepita ndani ya mpini hadi mwisho, na mpini wenyewe usiwe laini kama chupa. Damu na mafuta vinateleza, na vidole vinavyokatika ni vyako.

Wapo wanaompa kijana kisu butu makusudi, eti asikate ngozi. Huu ni upuuzi. Kisu butu kinamlazimisha akandamize, na anayekandamiza akiteleza anazama. Tumia kinoo chenye maji, pande zote mbili kwa ulalo uleule. Achana na jiwe la umeme la fundi wa kuchomelea: chuma kikigeuka bluu kwa moto, ugumu wake umekwenda na haurudi kwa kunoa.

Utasema mkato usiotokeza nje hauna shida. Una shida kubwa. Kiwandani ngozi inakwanguliwa na kuvutwa, na ule mkwaruzo wa kina unakuwa tobo. Ndiyo maana mpanga madaraja anatazama upande wa nyama, wewe unapomwonyesha manyoya mazuri.

Mnaowinda kwa kibali, kisu ni hikihiki. Asiye na kibali asinitafute.

Na kuna mnyama ambaye hatakiwi kuguswa na kisu chochote. Akifa ghafla, damu inatoka puani, mdomoni au nyuma na haigandi, usimpasue, usimchune. Hicho huenda ni kimeta, na vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo miaka mingi. Mwite afisa mifugo. Ngozi ya mnyama huyo haina bei yoyote.

Sasa nyinyi wafanyabiashara, msidhani nimewasahau. Mchunaji analipwa kwa kichwa, akimaliza haraka anapata mwingine. Atajali ngozi kwa lipi? Nanyi mnanunua nzima na iliyotobolewa kwa bei moja, mnarundika pamoja, kisha mnalalamika kiwandani wamewapunja. Aliyechuna vizuri jana, leo amejifunza kwamba alijisumbua bure. Mnada ujao geuzeni kila ngozi mbele ya muuzaji, hesabuni mikato kwa sauti, na mlipe bei mbili. Iliyo safi iongezeeni hata kama ni kidogo, na sehemu ya nyongeza hiyo mwenye mnyama ampe mchunaji palepale, mkononi. Halafu muulizeni anatumia kisu gani.