Mshahara Usiwe Kiraka cha Hasara



Tukisafiri kutoka Usa River hadi Kisongo, au tukishika njia ya Ngaramtoni kuelekea Namanga, twapita vituo vingi vya mafuta. Humo wamo vijana wetu, wa kike na wa kiume, wanaosimama mchana na usiku ili magari ya mazao, ya watalii na ya wagonjwa yasikwame. Wapo walio wana wa jumuiya zetu, na baadhi ya wenye vituo ni waumini wenzetu. Jambo hili basi latuhusu sote.

Jambo lenyewe ni lile liitwalo "shoti". Zamu inapokwisha, mita za pampu husomwa na fedha huhesabiwa. Pengo likionekana, aliyekuwa zamu hutakiwa kulilipa, na mara nyingine mshahara wake hukatwa bila yeye kuulizwa neno. Tena wapo wanaotozwa hata mafuta yaliyopungua tangini.

Tuwatendee haki waajiri pia. Wizi upo, na mwenye kituo hawezi kupandisha bei apendavyo ili kufidia hasara, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Hutafuta basi pa kuutua mzigo, na kwa kuwa mnyonge hana haki, mzigo humwangukia mhudumu.

Lakini si kila upungufu una mwizi. Petroli hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, takriban lita moja katika kila lita 1,000 kwa nyuzi joto moja. Mafuta yaliyopakiwa katika joto la Tanga au Dar es Salaam hupoa yafikapo Arusha, mji ulioko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Lita 10,000 zikipoa kwa nyuzi joto 10, karibu lita 100 hupungua pasipo mkono wa mtu. Mengine huwa mvuke. Na hata kwenye pampu, noti bandia, chenji iliyokosewa usiku au dereva aliyekimbia bila kulipa vyaweza kumpata mtu mwaminifu kabisa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeliona jambo hili. Ili mshahara ukatwe kwa ajili ya hasara, ni lazima kosa liwe la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, naye akubali kwa maandishi. Hata hapo, makato yasizidi robo ya ujira wake. Sheria hiyo hiyo yaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, na nyongeza ya angalau asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku.

Wapo wasemao kwamba bila makato wizi utazidi. Sisi twaona kinyume. Alipishwaye shoti isiyo yake hushawishika kuirudisha kwa kumpunja mteja, au huondoka kabla hajaizoea kazi. Mwajiri hubaki akifundisha wageni kila mara, mahali ambapo cheche moja yatosha kuteketeza mtaa. Kazi ya mafuta yahitaji wazoefu, na mzoefu hakai pasipo haki.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliuhesabu udhalimu wa kumnyima mfanyakazi ujira wake kuwa kosa kubwa mbele za Mungu. Waajiri na tulitafakari hilo.

Twawasihi wenye vituo: pimeni tangi kabla na baada ya lori kushusha mafuta, mhudumu akishuhudia. Makabidhiano ya zamu yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Nanyi wahudumu, tunzeni nakala, wala msitie sahihi karatasi tupu. Suluhu ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea migogoro ya ujira ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Viongozi wa jumuiya, wakutanisheni wahusika mapema, kabla hasira haijaota mizizi.

Anayepokea faida ya biashara ndiye wa kwanza kuibeba hasara yake.