Karoti si pambo la pilau

Msomaji, ukifika Soko la Wakulima jijini Nairobi au Kongowea kule Mombasa, hutakosa karoti. Nyingi hutoka nyanda za juu kama vile Kinangop, na hupatikana mwaka mzima.

Hata hivyo, penye miti hapana wajenzi. Katika nyumba nyingi za mjini mboga hii ni pambo tu: vipande viwili vitatu juu ya pilau, basi. Zinazobaki hunyauka jikoni na kutupwa. Kwa maoni yangu, huko ni kutupa afya ya watoto wetu.

Rangi ya karoti hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini hii kwanza hushindwa kuona vyema giza linapoingia, na asiposaidiwa mapema aweza kupofuka. Aidha, kinga yake hudhoofika, na surua au kuhara humlemea. Gramu 100 za karoti, yaani moja kubwa au mbili ndogo, zina vitamini A inayozidi mikrogramu 800. Mtoto wa miaka miwili huhitaji mikrogramu 300 hadi 400 kwa siku.

Lakini yafaa ieleweke kwamba karotini huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji. Kwa hivyo ipike karoti kwa mafuta kidogo, pamoja na ndengu, maharagwe au sukuma wiki. Mtoto mchanga aliyeanza kula asipewe kipande kibichi, kwani chaweza kumkwama kooni, ichemshe uiponde.

Wapo wanaodhani karoti huondoa haja ya miwani. Hilo si kweli. Wala haichukui nafasi ya vitamini A ambayo watoto wa chini ya miaka mitano hupewa kliniki kila baada ya miezi sita.

Sasa tuje kwenye kuhifadhi, ambako pesa nyingi hupotea. Kwanza, kata majani mara ufikapo nyumbani, maana hunyonya maji ya mzizi. Pili, usizioshe hadi siku ya kupika. Pangusa udongo tu. Tatu, ukiwa na friji, zitie katika chombo chenye kifuniko, mbali na ndizi, matofaha na avokado, kwa kuwa hewa itokayo kwenye matunda yanayoiva huzifanya ziwe chungu. Asiye na friji azifukie katika ndoo ya mchanga wenye unyevu kidogo, mahali penye kivuli na baridi. Karoti iliyolegea hurudia ugumu wake ikilowekwa katika maji baridi. Yenye utelezi au harufu mbaya itupe.

Mzazi mwenzangu, si lazima uwe tajiri ndipo mtoto wako ale vyema. Wiki hii ongeza karoti kwenye kikapu chako, kisha uhakikishe zimefika kwenye sahani yake, si kwenye pipa la taka.