Haraka ya nini, nanyi mko wawili?

BARAZANI na Mwanaidi Kombo

Kutoka Paris hadi Marseille ni kama kilomita 800 za lami safi. Dereva asiye na papara huondoka asubuhi, na jioni yuko pwani anaagiza samaki. Mwaka 1982 mtu na mkewe waliondoka Paris Mei 23, wakaingia Marseille Juni 23. Gari halikuwaharibikia, wala hawakupotea njia. Walitaka hivyo.

Mume ni Julio Cortázar, mwandishi wa Argentina aliyehamia Ufaransa mwaka 1951. Mke ni Carol Dunlop, mwandishi na mpiga picha aliyezaliwa Marekani, mdogo kwa mumewe kwa zaidi ya miaka 30. Walikuwa na kombi nyekundu ya Volkswagen ya kulala ndani, wakaipa jina la joka: Fafner. Wakajiwekea masharti. Hakuna kutoka kwenye barabara kuu ya kulipia mpaka Marseille. Kila kituo cha kupumzikia lazima wasimame, viwili kwa siku, na usiku walale katika kile cha pili. Sheria za barabara ile hazikumruhusu mtu kukaa humo muda wote huo, hivyo waliiandikia kampuni inayoiendesha kuomba ruhusa. Hawakujibiwa. Wakaenda.

Usidhani vituo vyote vilikuwa vya fahari. Vingine vilikuwa miti, meza na choo, basi. Wenzao walisimama dakika tano, wakachimba dawa, wakatimua. Wao walikunjua viti kivulini, wakatoa taipureta, wakaandika daftari la safari kwa makini kama manahodha: tumekula nini, joto nyuzi ngapi, gari limeelekea upande gani.

Barabara hiyo Cortázar alikwisha kuiandikia hadithi fupi, iliyotoka mwaka 1966. Foleni ya kurudi Paris inakwama siku baada ya siku. Abiria wanagawana maji, wanauguzana, na mhandisi mmoja anapendana na msichana wa gari la jirani. Kisha foleni inafunguka, magari yanashika kasi, na wale wawili wanapoteana. Katika hadithi ile kinachowatenganisha ni mwendo.

Nawasimulia haya kwa sababu Desemba haikawii, na nusu ya Dar itahamia Moshi. Mnajijua. Baba kashika usukani, anahesabu mabasi aliyoyapita tangu Chalinze. Mama yuko na simu, anawajibu mawifi wanaouliza mmefika wapi. Segera machungwa yananunuliwa dirishani, injini inaunguruma. Mkishafika, kila mmoja anachukuliwa na watu wake: baba anaitwa kwa wazee kwenye mbege, mama anakabidhiwa sufuria jikoni. Mtaonana tena siku ya kurudi, mmechoka. Kwa hiyo saa zile za barabarani ndizo pekee mlizokuwa wawili, na ndizo mlizozikimbiza.

Mtaniambia hao ni Wazungu, walikuwa na muda wa kuchezea. Hapana. Cortázar alikuwa na miaka 67, na mwaka mmoja kabla alivuja damu tumboni akanusurika kufa. Carol alifariki Novemba 2, 1982, akiwa na miaka 36. Miezi mitano ilikuwa haijatimia tangu waingie Marseille. Kitabu walichokuwa wakikiandika pamoja, mumewe alikimalizia peke yake, kikatoka 1983, na mapato yake akayatoa kwa watu wa Nicaragua. Februari 1984 naye akamfuata. Wamezikwa pamoja Montparnasse, Paris.

Muda, basi, ndio hasa waliokuwa hawana. Ndiyo maana siwaoni kuwa wendawazimu. Walijua wanachokinunua: mwezi mmoja ambao hakuna kikao, hakuna ukoo. Na waliununua kwa kombi ya kawaida na viti vya kukunja.

Simwambii mtu achukue mwezi mzima, mwajiri gani atakupa? Nasema ongezeni siku moja. Mkifika Mombo kateni kona, pandeni Lushoto, mlale huko. Asubuhi mnywe chai bila kuangalia saa, muulizane mambo ambayo mwaka mzima mmekuwa mkiyaahirisha. Kama mnakwenda kwa basi, shukeni njiani mpumzike, kesho mpande jingine. Mama mkwe atanuna kidogo, lakini kihamba cha ukoo hakihami.

Gharama mtasema. Chumba cha wageni cha kawaida hakiko mbali sana na faini ya mwendokasi, na faini hiyo wengi wenu mnailipa kila Desemba. Mwaka huu lipieni chumba.