Wese Ikianza Kunguruma

Mvua zimerudi Bukavu, na kila mwaka zikirudi tunasikia malalamiko yaleyale katika mikutano yetu: wese haimezi tena, harufu imeingia mpaka chumba cha kulala, jirani wa chini amepanda na hasira. Juma hili tunaongea juu ya ile tiyo inayotoa maji machafu nyumbani na kuyapeleka kwenye fosi. Ni habari ambayo watu hawapendi kuitaja mbele ya wageni. Lakini mama ndiye anayemwaga maji tangu asubuhi mpaka usiku, na ndiye anayejua wa kwanza kwamba kuna kitu hakiendi vizuri. Basi tuiseme wazi.

Kwanza tuelewe njia yenyewe. Katika nyumba zenye wese, kinyesi na maji vinashuka kwa tiyo nene ya plastiki, yenye upana wa milimita 100 au 110. Vinapita kwenye regari, kile kisanduku cha simenti chenye kifuniko pale uani, halafu vinaingia katika fosi. Ndani ya fosi mazito yanakaa chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la pili lililojazwa mawe, ambamo udongo unayanywa polepole. Maji ya dushi na ya vyombo yana tiyo yao nyembamba, ambayo mara nyingi inaungana na ile kubwa. Mama anayeijua njia hiyo katika parseli yake amekwisha kufanya nusu ya kazi. Kama huijui, uliza mwenye nyumba au fundi aliyejenga, kisha zunguka uani na watoto mtafute vifuniko. Vingine vimefunikwa na udongo. Vingine watu wameweka mbabula juu yake na kupikia hapo miaka.

Tiyo haizibi kwa siku moja. Inaanza kwa kuonya. Onyo la kwanza ni maji ya dushi kusimama miguuni kabla ya kushuka. La pili ni sauti: unamwaga ndoo dushini, na wese upande wa pili inanguruma na kutoa mapovu. Ile ni hewa iliyofungiwa ndani ya tiyo, inatafuta pa kutokea, na maana yake njia ya mbele imekuwa nyembamba. Sauti hiyo msiizoee. La tatu ni harufu, lakini hapo tusikimbilie kumwita fundi. Chini ya kila lavabo na kila dushi kuna sifoni, ile shingo iliyopindwa ambayo inabakiza maji kidogo ili kuzuia harufu ya fosi. Mahali ambapo robine haitoi maji majuma mawili na hakuna anayemwaga kitu, sifoni inakauka na harufu inapita wazi. Mwaga vikombe viwili vya maji. Kama harufu inaisha, tiyo yako ni nzima.

Dalili nyingine zinaonekana nje. Udongo unabaki na maji katika mwezi wa saba, wakati parseli nzima imekauka. Kuna mstari mmoja wa lengalenga wenye kijani kizito kuliko mingine. Chini ya ukuta kuna unyevu usioisha, na mende na panya wameongezeka. Hapo tiyo haikuziba, imepasuka au imeachana kwenye maungio. Katika vilima vyetu udongo unasogea taratibu, na tiyo iliyozikwa ndani yake inavutwa nao.

Tatizo liko wapi? Shuleni tungesema: ondoa kwanza kilicho sawa, kinachobaki ndicho kibaya. Kama lavabo peke yake inakataa na wese inameza vizuri, kizuizi kiko karibu, ndani ya sifoni ya lavabo. Weka ndoo chini, fungua sifoni kwa mkono, toa uchafu, funga tena. Kama vyote vinakataa pamoja, ni tiyo kubwa. Fungua regari iliyo karibu na nyumba. Ukiikuta kavu, kizuizi kiko kati yake na nyumba. Ukiikuta imejaa, kizuizi kiko mbele, upande wa fosi. Nenda kwenye regari inayofuata uangalie vilevile. Kama zote zimejaa mpaka ya mwisho, fosi yenyewe imejaa au mlango wake wa kuingilia umezibwa.

Kabla ya kugusa kitu, simamisha maji. Waambie wapangaji wote wa parseli wasimwage kitu kwa saa hizo, la sivyo mmoja ataoga na mwingine atayapokea sakafuni. Watoto wakae mbali. Vaa gan za mpira; kama hazipo, mifuko miwili ya plastiki kila mkono, imefungwa kwenye kiwiko. Kama kizuizi ni chepesi, ventuzi inatosha. Ziba tundu la dushi kwa kitambaa chenye maji ili hewa isitokee huko, kisha sukuma na kuvuta mara ishirini bila haraka. Ikikataa, tumia resori, ule waya mrefu uliojisokota, au ubao mwembamba wa mwanzi uliopasuliwa na kulainishwa kingo. Uingize kutokea kwenye regari, uzungushe, uvute. Usipige kwa nguvu kama anayetwanga sombe, maana utakishindilia kizuizi mbali zaidi. Njia ikifunguka, mwaga ndoo mbili nzima kwa mara moja na uangalie regari: maji yapite kwa kasi na yaishe. Uchafu uliotolewa unaingia fosi au unazikwa, hautupwi kwenye mfereji wa barabara. Kisha osha sakafu na vyombo kwa javeli iliyopimwa kama inavyoandikwa kwenye chupa, na mikono kwa sabuni, au majivu kama sabuni haipo.

Tunajua kuna watu wanaomwaga asidi ya betri. Tafadhali, hapana. Inachoma macho na ngozi, na inaua vile vijidudu vya fosi vinavyosaga kinyesi. Na asidi ikikutana na javeli inatoa hewa yenye sumu ambayo katika wese ndogo isiyo na dirisha inaweza kuua. Maji yanayochemka nayo yanalegeza tiyo ya plastiki.

Sasa tuseme kinachoziba. Mafuta ya kukaangia sambaza yanaganda ndani ya tiyo yakipoa. Mabaki ya bugali yanashikamana nayo. Majivu na mchanga wa kusugulia sufuria vinakaa chini na kuwa kama simenti. Kuna pia karatasi ngumu za mfuko wa sima, na pampasi za mtoto. Tena kuna kosa la kubana maji, ambalo tunalielewa, kwa sababu bidoni ya lita 20 imepandishwa kilima kichwani. Lakini kikombe kimoja hakisukumi kinyesi mpaka fosi, kinakiacha njiani. Afadhali kutumia maji ya kufulia nguo: yahifadhi, na umwage nusu ndoo kwa mara moja.

Kizuizi ambacho mafundi wanakitoa mara nyingi, na wanakitaja kwa sauti ya chini mbele yetu, ni kotekisi na vitambaa vya mwezi. Vinavuta maji, vinavimba, na haviozi. Anayevitupa mara nyingi ni binti wa miaka 13 au 14 ambaye hana mahali pengine pa kuvificha, katika nyumba ya vyumba viwili yenye kaka wanne. Ukimgombeza mbele ya fundi na jirani, hataacha. Atatupa usiku. Anachohitaji ni ndoo ndogo yenye kifuniko ndani ya wese, karatasi ya kufungia, na mama aliyemwonyesha pa kuchomea au kuzika bila maswali ya kaka zake. Kwa maoni yetu, ndoo hiyo inalinda tiyo kuliko kifaa chochote cha fundi. Na mazungumzo hayo tusiwaachie walimu peke yao.

Kama tiyo imepasuka, hapo ni kazi ya fundi, lakini simama karibu uangalie. Tiyo ishuke sentimita 2 hivi kwa kila mita. Mahali penye mteremko mkali ajenge regari ya kushushia maji, asiilaze tiyo ikishuka kama ngazi. Ilale juu ya mchanga, si juu ya mawe makali. Maungio yatiwe gundi yake. Mfuko wa plastiki uliozungushwa na waya haudumu. Na kabla ya kufukia, mwambie amwage ndoo tatu mbele yako. Fundi mzuri hakasiriki kwa hilo.

Fosi iliyojaa ni habari nzito zaidi. Gari la kunyonya haliwezi kufika kwenye parseli nyingi za vilimani, njia ni za miguu. Kwa hiyo wengine wanangoja mvua kubwa ya usiku, wanafungua fosi, na mvua inabeba yote. Inabeba kwenda wapi? Kwa mama wa chini, jikoni kwake, ambako mtoto anatambaa. Inapita juu ya tiyo za maji safi zilizolala ndani ya mifereji ileile. Zikiwa na ufa na robine zimekauka, uchafu unaingia, kesho maji yakirudi tunayachota. Kipindupindu kinajitokeza kati ya saa chache na siku tano, na kwetu Kivu hatuhitaji kufundishwa jina lake. Maji hayo pia yanalegeza udongo chini ya nyumba, na tunajua kilima kikilegea kinafanya nini.

Kwa hiyo tujipange kabla haijajaa. Fungueni fosi kila kiangazi, mpime kwa mti: kama matope yamefika theluthi ya kina, ni wakati wa kutoa. Maji ya mabati yasielekezwe ndani yake, yanaijaza bure. Wapangaji, ulizeni kabla ya kulipa garanti nani atagharimia kutoa fosi, na jibu liandikwe kwenye kontra. Vikundi vya AVEC na likirimba vinaweza kununua resori moja ya mita 10 na jozi mbili za gan nene, zikae kwa mama mmoja wa avenyu, kila anayeazima azirudishe zimeoshwa.

Na jambo ambalo tunawaomba msomee nyumba nzima kwa sauti: hakuna mtu anayeingia ndani ya fosi. Wala mtoto aliyetumwa kuokota ndoo, wala baba, wala kijana anayejitolea kwa bei ndogo. Ndani kuna hewa isiyoonekana inayomwangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa anaanguka juu yake. Usiwashe kiberiti kuangalia ndani, hewa hiyo inawaka. Kazi inafanywa kutoka juu, kifuniko kikiwa kimeachwa wazi muda mrefu, watu wawili wakiwepo. Kitu kikianguka ndani, kimepotea. Nunueni kingine.