Gari la Moshi ni la Nani?

Yako maneno ambayo huturudia kila baada ya muda kutoka kwa mabwana wa Ulaya wapendao magari ya moshi ya zamani. Wasema kwamba vichwa vya mvuke vilivyotengenezwa kwao vikapelekwa makoloni vyapasa kurudishwa "nyumbani", kwa kuwa huko ndiko vilikozaliwa, na huku kwetu havina mtunzaji. Na jambo lenyewe limekwisha kutendeka. Kichwa cha kwanza cha aina ya Garratt, kilichotengenezwa Manchester mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania, kilirudishwa Uingereza mwaka 1947. Katika miaka ya 1970 Rais Kaunda wa Zambia alimpa mchoraji wa Kiingereza, David Shepherd, kichwa kilichotengenezwa Glasgow mwaka 1896, nacho kikavuka bahari.

Kaunda alitoa zawadi, na mwenye mali hakatazwi kutoa. Lakini neno hili "nyumbani" hatulikubali hata kidogo.

Tuchukue mfano ulio karibu. Katika makumbusho ya reli mjini Nairobi vimesimama vichwa viwili vikubwa, namba 5918 na namba 5930. Vilitoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, katika kundi la vichwa 34 vilivyotengenezwa mwaka 1955 na 1956 kwa Reli za Afrika Mashariki. Kila kimoja kina uzito wa tani 250 na kitu, na hakikupata kutokea katika reli ya upana wa mita moja kichwa cha mvuke chenye nguvu kupita hivyo. Kazi yao ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Je, nani aliyevilipia? Reli ilijipatia fedha kwa kusafirisha pamba na kahawa ya wakulima, na kwa nauli ya makabwela waliojazana daraja la tatu. Basi vilinunuliwa, havikukopwa kwa jirani. Mtu akinunua sufuria Kariakoo haji fundi wa Gerezani kumdai eti airudishe pale ilipofuliwa. Tena kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966. Anayetaka virudi nyumbani na atuonyeshe kwanza mlango wa nyumba.

Wako watakaotuambia: ninyi mbona mwadai mifupa ya Tendaguru? Twajibu kwamba mambo haya hayafanani. Mifupa ile ilichimbwa kusini mwa nchi yetu tangu 1909 hadi 1913, wakati wa Wadachi, ikabebwa vichwani na watu wetu hadi Lindi, na leo yasimama Berlin. Hakuna aliyetuuliza bei. Fuvu la Mkwawa nalo halikununuliwa. Lilichukuliwa, na mwaka 1954 likarudi Kalenga. Aliyenyang'anywa hudai. Aliyeuza akalipwa, hana dai.

Sasa twafika mahali penye ugumu, na hatutaki kulificha jambo. Vichwa vile viwili vina majina ya milima: 5918 chaitwa Mount Gelai, na 5930 chaitwa Mount Shengena. Gelai uko kando ya Ziwa Natron, na Shengena uko Upare. Milima yote miwili ni yetu! Baadhi ya vijana wenzetu wasema, Kenya na itupe kimoja, maana mali ya Jumuiya ilikuwa ya nchi tatu. Hamu yao twaielewa. (Vichwa vingine vilipewa majina ya magavana, na baadaye vibao vile viling'olewa. Milima imebaki.) Lakini Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mali iligawanywa, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha mwaka 1984. Tena walioviendesha na kuvitengeneza walikuwa wafanyakazi wa njia ile ya Mombasa. Tukisema chombo ni cha waliokitolea jasho, hatuwezi kugeuka tukasema ni cha mwenye jina. Vibaki Nairobi.

Kwetu wenyewe ndiko kwenye aibu. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kazi ilipangwa kwa rangi: juu Mzungu, kati Mhindi, na Mwafrika chini penye masizi. Wafanyakazi wa reli hii waligoma mwaka 1947, wakagoma tena mwaka 1960. Sasa, tangu Juni 2024, mtoto wa Kariakoo hupanda treni ya umeme hadi Morogoro, nasi twafurahi. Lakini mwulize babu yake alichochea moto wa chombo gani, hana pa kumwonyesha. Sisi tuliosomea ualimu twajua ugumu wa kufundisha jambo hili kwa picha ya kitabuni.

Chuma chakavu huuzwa kwa kilo, na mnunuzi haulizi historia. Kwa hiyo twaomba Shirika la Reli lisiuze kichwa chochote cha mvuke kilichosalia katika karakana zake kabla ya kuwaita watu wa Makumbusho ya Taifa wakitazame, na kimoja kiwekwe penye stesheni ya zamani hapa mjini, chini ya paa. Nao wazee waliostaafu reli, wakaao Gerezani, Ilala na Kariakoo, twawaomba walete picha zao, vyeti vyao na majina ya wenzao katika ofisi ya tawi, siku yoyote baada ya saa kumi. Karani atayaandika.